"Mtandao" haujawahi kupiga picha

Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili, hapa Lindi, alisimama mbele ya darasa na slaidi sita kuhusu dinosaria wa kilima cha Tendaguru. Kazi nzuri. Alijua Wajerumani walichimba kuanzia 1909 hadi 1913, wapagazi wakashusha mifupa kwa miguu mpaka bandarini Lindi, na mmoja wa wanyama hao anasimama leo kwenye makumbusho ya Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Chini ya kila picha kaandika: "Picha kwa hisani ya mtandao."

Nikamuuliza, huyo Mtandao ni mtoto wa nani? Darasa likacheka. Mimi sikuwa natania sana.

Hisani hufanywa na mtu. Tumelizoea neno hili mpaka limekufa: blogu za udaku, vipeperushi vya harusi, hata sisi walimu kwenye mitihani ya majaribio, tunachukua picha halafu tunabandika hisani ambayo hakuna aliyetufanyia.

Nina kidonda changu. Msimu mmoja wa korosho nilipiga picha kwa simu nyumbani kwetu, upande wa Newala, korosho zimeanikwa kwenye turubai, nikaiweka Facebook. Mwaka uliofuata nikaikuta kwenye kalenda ya kampuni fulani, imetundikwa dukani ninaponunua vocha. Ningedhani ni ya mwingine, lakini pembeni ilikuwapo ndoo ya kijani ya mama, ile yenye mpini wa kamba. Sikutaka hela (haya, hela nazo ningepokea). Jina tu.

Walimu tukigusa jambo hili huanza na vitisho: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, COSOTA (ofisi ya hakimiliki), faini. Sheria ipo, na picha inalindwa tangu ilipopigwa, isajiliwe isisajiliwe. Ila mtoto wa miaka 15 haogopi COSOTA. Anaelewa ndoo ya mama.

Basi tukakaa kwenye kompyuta, zile nne zinazowaka. Google si mwenye picha. Ni dalali, anakuonyesha zilipo. Ukichuja kwa haki za matumizi na kuchagua Creative Commons, zinabaki zenye leseni hizo, yaani mwenye picha karuhusu itumike kwa masharti, na hata hapo fungua ukurasa wenyewe uhakikishe. Mimi napenda kwenda moja kwa moja Wikimedia Commons, ghala la mtandaoni la picha za kutumia bure, maana kila picha ina ukurasa wake: nani kaipiga, kwa masharti gani. Herufi za leseni za Creative Commons zinasomeka hivi. BY, taja jina. SA, ukiibadilisha na kuisambaza, itoe kwa masharti yale yale. NC, usifanyie biashara. ND, usisambaze uliyoichezea. CC0, mwenyewe kaachia yote. Jina la picha, mpigaji, ilikotoka, leseni: vyote vinaenea mstari mmoja chini ya picha.

Kijana wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, wao walibeba mifupa yenyewe, sisi tunabanwa kwa picha?"

Swali halali, na sikuwa na jibu la haraka. Nikamwambia kudai tuendelee kudai. Lakini kule Berlin angalau maelezo yanataja Tendaguru. Je, yangeandikwa "Mifupa kwa hisani ya ardhi"?

Safari hii hakucheka mtu. Slaidi nimezirudisha; Jumatatu nazitaka zote sita zina majina.