Kasri la Njano

Nilishuka treni Füssen, kusini kabisa mwa Ujerumani, nikakuta mvua ile isiyo na haraka, yaani imehamia. Begi kubwa nikaliacha hosteli nikabaki na kadogo mgongoni, juu yake nikavaa lile koti la plastiki la kutumbukiza kichwa, nikawa na nundu kama ngamia aliyepotea njia. Niko peke yangu. Narudia, peke yangu, maana ningekuwa na mtu wa kuniambia "oya, sio hili" hata hii stori isingekuwepo.

Basi likatushusha kijijini Hohenschwangau. Ukungu umefunga, mlima hauonekani, kinachoonekana ni kasri moja tu la njano juu ya kilima hapo karibu, nikajua ndo lenyewe, Neuschwanstein, kasri nililolifuata huku. Kwenye picha ni jeupe lakini nikajiambia aah, picha za mitandaoni hizo watu wanatia filta. Nikapanda, dakika 15 nimefika, nikajisifu balaa kwa sababu nilisoma kupanda kule ni kama dakika 40. Picha thelathini na kitu. Nikarusha kwenye grupu la familia na maelezo kama mwalimu wa historia, kasri la Mfalme Ludwig II, lilianza kujengwa 1869. Shangazi hakukawia, makofi mstari mzima.

Nikaenda getini na tiketi yangu. Yule dada akaiangalia, akaniangalia, akaiangalia tena.

"Hii ni ya Neuschwanstein."

"Ndiyo, si nimefika."

"Hapa ni Hohenschwangau. Neuschwanstein iko kule." Akanyoosha kidole kwenye wingu.

"Kule wapi?"

"Nyuma ya hilo wingu."

Kumbe makasri yapo mawili bana! Hilo la njano lilikuwa la baba yake Ludwig, mwenyewe Ludwig kakulia humo, na humo humo ndo alikuwa anachungulia kwa darubini mafundi wanavyojenga la kwake ng'ambo. Sasa kama mwenye nyumba alihitaji darubini, mimi na ule ukungu ningeonaje?

Shida tiketi ina saa yake, ukichelewa imekula kwako, na mimi nimebakiza dakika 35. Basi la kupandisha watu haliendi, njia ina barafu. Magari ya farasi yapo ila foleni yake siisemi. Nikakimbia. Aisee kupanda mlima mbio na lile koti ni kama kukimbia ukiwa ndani ya hema, upepo ukapita kwa chini ukalinyanyua lote likanifunika uso, sioni kitu, nikapiga hatua mbili tatu za imani, ya nne mguu ukazama kwenye kitu laini chenye uvuguvugu. Farasi hakuwa amepita zamani. Cha aibu ni kwamba vidole vilivyokuwa vimekufa ganzi vilishukuru.

Namba yangu nikaikuta bado inawaka getini. Ndani ziara yenyewe ni kama nusu saa na picha ni marufuku. Natembea viatu vinalia kwichi kwichi, harufu nayo haijifichi, watu wakanipisha hadi nikawa naona kila kitu vizuri kuliko wote. Ukumbi wa kiti cha enzi hauna kiti cha enzi, mfalme alikufa 1886 hakijawekwa. Sakafuni kuna mosaiki ya wanyama na mimea, kazi ya maana kweli, na mimi ndo nachuruzika juu yake, mwongozaji anaongea huku macho yako kwenye kadimbwi kangu. Halafu wakatuingiza pangoni. Pango kabisa, la kutengeneza, humo humo ghorofani. Mtu umenyeshewa mlimani kutwa, umelipa euro zako uingie ndani ya nyumba, unaingizwa pangoni.

Nilipotoka nikasema basi angalau niende Marienbrücke, lile daraja juu ya korongo wanapopigia ile picha maarufu. Limefungwa, barafu. Nikageuka nilione kasri lenyewe nililotoka sasa hivi. Wingu.

Simu ikalia, shangazi: "Mwanangu ile picha nimeshaipeleka studio, wanaikuza, nitaiweka fremu sebuleni."

Nikaandika "Shangazi subiri kwanza", nikafuta. Nikaandika upya: "Waambie wasikate minara."