Muyaka jikoni kwangu

Jana usiku, jikoni kwangu hapa Birmingham, nilikaa na mashairi ya Muyaka bin Haji, mshairi wa kale wa Mombasa, kwa hati za Kiarabu, kutoka hazina ya chuo kikuu cha SOAS kule London. Sikuomba ruhusa kwa mtu. Nilifungua tovuti, basi. Nikaukuza ukurasa mpaka nikaona nukta ilipokolea wino.

Nukta si jambo dogo. Katika mwandiko wa wazee, herufi be moja ndiyo b, ndiyo p, ndiyo mb: bata, pata na mbata ni sura moja. Neno likanishinda. Nikampigia shangazi Mombasa, nikamtumia picha. "Nipe dakika, mwanangu," akasema, akaikuza kwenye simu yake, kisha akausoma ubeti wote kwa mahadhi aliyofunzwa chuo cha Kurani. Mwili ulinisisimka.

Najua mtakayosema: kashavuka bahari, kasahau kwao. Sijasahau. Mwaka 2016 nilikwenda maktaba moja huko huko nyumbani, barua mkononi ina mihuri mitatu, kutazama tenzi tu. Njoo kesho. Mwenye ufunguo yuko msibani. Njoo Jumatatu. Likizo ikaisha sijashika hata jalada. Kusema hivyo ndiyo kiburi?

Mwingine ataniambia, hao Waingereza unaowasifu ndio waliozibeba karatasi zetu. Kweli. Mmisionari William Taylor aliyakusanya mashairi hayo Mombasa kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, karatasi zikaishia London, na mimi sifurahii. Lakini tazameni Lamu! Miswada ya Msikiti wa Riyadha ilipigwa picha kwa mradi wa British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, na vitabu vyenyewe vikabaki Lamu. Picha zimesafiri, karatasi hazikutoka. Basi yawezekana. Na wapiga picha tunao, harusi zetu zarushwa moja kwa moja mpaka Muscat na Toronto. Sanduku la tenzi limekosa nini? Mchwa hawangoji barua.

Wala sisemi mashine itatusomea. Bila shangazi, picha ile kwangu ilikuwa wino tu. Naye ana miaka 78, jicho moja limeingia mtoto wa jicho, na kitabu chenyewe asingeweza kukisoma. Ni simu ndiyo inayomkuzia herufi. Tumeshapanga: kesho baada ya Isha, saa za kwao, ukurasa wa pili.