Chozi la Magurudumu Mawili

Umewahi kuvaa suruali ukiwa umelala chali? Mimi ndivyo ninavyovaa kila tukienda kupiga kambi. Unanyanyua kiuno, kisogo na visigino vibaki godoroni, unaingiza mguu mmoja, unautafuta wa pili, na ukifika kwenye zipu kiwiko kinakumbuka kwamba humo ndani mko wawili.

"Baba watoto," mke wangu anasema bila kufumbua macho, "hilo lilikuwa sikio langu."

Yote haya ni kwa sababu ya lile trela dogo la kulalia, lenye umbo la tone la chozi: mbele limeviringika, nyuma limeteremka. Muuzaji alilisifia mpaka tukaona haya kuondoka bila kulinunua. Jepesi! Kilo 400 tu! Hata gari dogo linalivuta! Umbo lake halishindani na upepo! Hapo hakudanganya, upepo unapita raha mustarehe. Tusiopita ni sisi tulio ndani.

Siku moja nikachukua futi nikalipima. Upana sentimita 122, urefu 244, na kimo cha ndani hata mita moja na robo hakifiki. Nikawaza, ni nani huyo aliyemtazama binadamu akapata vipimo hivi? Hakuna aliyemtazama binadamu. 122 kwa 244 ni karatasi nzima ya plaiwudi kama inavyouzwa. Fundi hakutaka kupoteza mbao, akanipoteza mimi. Vigari hivi vilianza kupendwa Marekani miaka ya 1930, na vita vilipokwisha mwaka 1945 wapo waliovitengeneza kwa mabaki ya alumini ya ndege za kivita. Naamini rubani wa ndege hiyo alikuwa anaweza kukaa kitako akiwa na kofia.

Na huo urefu wenyewe si wako wote. Nyuma ndiko jikoni. Unanyanyua kifuniko kama buti la gari, unakuta kijimeza, kabati na mahali pa kuweka jiko la gesi. Godoro limechomekwa chini ya hilo kabati, kwa hiyo kichwa kinalala chumbani na miguu inalala jikoni. Alfajiri mama watoto akitoka kuchemsha maji, nasikia masufuria yakigongana juu ya vidole vyangu. Mvua ikinyesha, kifuniko kinamkinga kichwa kisha kinammwagia yote shingoni. Kupikia ndani? Thubutu! Kwenye kasanduku kama kale, hewa ya sumu ya jiko haionekani wala hainuki, na ikikulaza huamki. Bora shingo ilowe.

Safari ya kwanza, kwa kuwa makabati yako nyuma, nikapakia kila kitu nyuma. Dumu la maji, sanduku la barafu, masufuria, hata nyundo. Nilipoongeza mwendo kidogo, trela likaanza kukata kiuno. Kushoto, kulia, kushoto, kama limesikia ngoma ambayo sisi hatuisikii, na gari nalo likaanza kuitikia. Nikaachia mafuta polepole, roho mkononi, bila kugusa breki. Kumbe mzigo unatakiwa ulalie mbele, asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote ikandamize pale trela linapoungana na gari. Kwa trela la kilo 400 ni kilo 40 hadi 60. Mimi nilikuwa nimelining'iniza gari mkia. Tukahamisha mizigo kando ya barabara, mama watoto kimya. Kimya kile peke yake kilikuwa na kilo zake 40.

Lakini hayo yote si kitu ukilinganisha na rivasi. Watu hudhani trela fupi ndilo rahisi kulirudisha nyuma. Wee! Refu linageuka polepole, linakupa muda wa kujuta. Hili fupi, ukigusa usukani tu, limeshajikunja kama jongoo. Tena ni dogo kiasi kwamba kwenye vioo halionekani mpaka liwe limeshaharibu. Nikafundishwa nishike usukani chini kabisa, mkono uende upande ninaotaka trela liende. Nikashika. Mama watoto akasimama nyuma kuniongoza.

"Kulia! Kulia!"

Nikapeleka kulia.

"Siyo kulia kwako, kulia kwangu!"

"Wewe umenielekea mimi au umelielekea trela?"

"Nimeuelekea mti, na wewe unaufuata!"

Baada ya nusu saa walikuwa wamekusanyika watu, wengine na viti. Mtoto mmoja akauliza kwa adabu kabisa kwa nini tusilifungue tulisukume kwa mikono. Tukalifungua. Likaingia kwa dakika moja, kama toroli. Yule mtoto sijamsamehe.

Usiku tukafunga madirisha kukwepa mbu. Pumzi za watu wawili, dari la baridi, basi asubuhi dari zima limejaa matone, na kila baada ya muda moja linachagua paji la uso wangu. Chozi linalia, na mimi ndiye niliyelilipia. Ukifungua dirisha panakauka, ila mbu nao hawapangi foleni.

Asubuhi hiyo, nikiwa nafuta dari kwa taulo huku nimepiga magoti, wakapita vijana wawili, inaonekana wamefunga ndoa juzi. "Jamani, kazuri!" Wakaomba kuchungulia. Mama watoto akawapokea kwa tabasamu ambalo mimi sijaliona tangu tulipohamisha yale madumu. Nikamsikia: ni jepesi, gari lolote linalivuta, ndani pana joto zuri, na mume wangu analirudisha nyuma kama anacheza.

Walipoenda kushauriana, nikamvuta kando. "Mama watoto, mbona unawadanganya watoto wa watu?"

"Nikiwaambia ukweli," akasema, "nani atalinunua?"