Drafti ni drafti, mwacheni mama wa watu

Jumamosi nilikuwa kwa fundi nasubiri suruali ipunguzwe kiuno, akaingia mama mmoja wa makamo na kitambaa cha viboksi kwenye mfuko, kaja kushonesha sketi za shule za wajukuu. Akasema, "Fundi, mwanangu, hii drafti nataka marinda yakae sawa, mistari isipishane." Dada mmoja aliyekaa pembeni na simu yake akamkata hapo hapo: "Mama, hiyo inaitwa check, drafti ni mchezo wa vijiweni." Yule mama akanyamaza. Kilichoniuma ni kwamba kuanzia hapo akawa anakionesha kile kitambaa kwa kidole tu, hakukitaja tena jina.

Jamani, hilo neno la Kiingereza lenyewe kwani limetoka wapi? Limetoka kwenye mchezo! Waajemi mfalme wao walimwita shah, na kwenye sataranji ukimbana mfalme wa mwenzako ndio unalitamka hilo hilo, neno likapita kwa Waarabu, likaingia Kilatini, Wafaransa wakaligeuza wanavyojua wao, Waingereza wakalipokea likawa check, na ubao wenyewe wakauita chequer. Baadaye wakaangalia nguo yenye viboksi wakaona inafanana na ule ubao. Basi. Ndicho alichofanya Mswahili alipoangalia ubao wa drafti pale chini ya mwembe, vizibo vya soda vimepangwa juu yake, halafu akamwangalia aliyekaa upande wa pili kavaa shati la viboksi. Na Marekani drafti yenyewe wanaiita checkers, sasa hapo mama kakosea nini?

Ndiyo, drafti nalo tumelitoa kwa Waingereza, draughts, hilo sikatai. Lakini kwao neno hilo asili yake ni kule kusogeza kete, halina habari na viboksi wala kitambaa, na hakuna Mwingereza anayeita shati draughts. Kulitoa neno ubaoni na kulivisha nguo tumefanya sisi wenyewe, watu wa vijiweni na mafundi cherehani, na mimi naona ni akili kubwa sana ambayo hatujawahi kujipa sifa yake.

Wenzetu neno lao wamelipeleka mbali bila kuona aibu. Karne ya 12 maofisa wa mfalme wa Uingereza walihesabu kodi kwenye meza yenye kitambaa cha mistari kama ubao wa sataranji, wanasogeza vihesabio juu yake, ndio maana mpaka leo waziri wao wa fedha anaitwa Chancellor of the Exchequer, na cheque ya benki tahajia yake imeathiriwa na hapo hapo. Mtu mwenye maisha ya mazuri na mabaya yaliyochanganyika wanasema ana historia chequered. Hata sisi tukisema "nitakucheki jioni" ni mzizi ule ule wa shah. Hakuna aliyewaambia warudishe neno kijiweni.

Sawa, dukani drafti peke yake haitoshi, Waingereza wana gingham, viboksi vya rangi moja na nyeupe, wana tartan, ile ya Kiskoti yenye mistari ya rangi nyingi inayopishana, kila moja na sura yake. Ila sisi tunasema drafti ndogo, drafti kubwa, drafti ya shuka la Kimasai, na muuza kitambaa anakushushia jora lile lile ulilotaka. Croatia wakiingia uwanjani na jezi zao za viboksi vyekundu na vyeupe kila mtu kibandani anajua ukisema wale wa drafti unamaanisha nani.

Fundi yeye hakubishana na mtu. Alipima kitambaa, akakichezea pembeni kuona mistari inakutana vipi, akafungua daftari lake lililochakaa akaandika huku anasoma kwa sauti, taratibu, mama asikie: "Sketi drafti, mbili. Marinda. Mistari isipishane." Mama akasogea karibu, akasema, "Eeh, drafti hiyo hiyo, baba."