Handaki la Sandoy limeiachia nini Skopun?

Tangu Desemba 2023, kisiwa cha Sandoy katika Visiwa vya Faroe kimeunganishwa na kisiwa kikubwa cha Streymoy kwa handaki la chini ya bahari lenye urefu wa takribani kilomita 10.8. Kijiji cha wavuvi cha Skopun, kilichoanzishwa mwaka 1833 kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa hicho, hutajwa miongoni mwa wanufaika. Ni kweli kimenufaika, ila kuna kilichopotea ambacho hakizungumzwi sana.

Wanaolitetea handaki wana hoja nzito. Zamani kivuko kilichukua kama nusu saa kutoka bandari ya Gamlarætt huko Streymoy, na bahari ilipochafuka safari zilifutwa, mgonjwa, mwanafunzi na shehena ya samaki wabichi wakabaki kungoja. Sasa mtu hulala Skopun akafanya kazi Tórshavn, mji mkuu, ambako nyumba ni ghali. Si jambo dogo hilo katika nchi ya watu wapatao 54,000, ambayo vijana wake huenda kusoma Denmark na wengi wao, hasa wasichana, hawarudi, kiasi kwamba wanaume wamewazidi wanawake kwa idadi.

Lakini handaki halitokezi Skopun. Linatokezea Traðardalur, ndani zaidi ya kisiwa, na anayekwenda kijiji cha Sandur hana tena sababu ya kupita kijijini. Awali kila gari lililotoka Streymoy lilishukia bandari ya Skopun, na waliosubiri kivuko waliweza kununua chochote dukani au kupiga picha kando ya sanduku la posta la buluu, ambalo liliwahi kutajwa kuwa kubwa kuliko yote duniani. Foleni hiyo ilikuwa kero kwa msafiri, lakini kwa mwenye duka ilikuwa riziki.

Wapo pia wanaolalamikia gharama, kwa kuwa ushuru wa handaki la kisiwa kingine, Eysturoy, lenye magari mengi, husaidia kulilipia hili lenye magari machache. Hoja hiyo naiona dhaifu, maana kivuko nacho kilikuwa kikibebwa na hazina ya umma.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni samaki. Barabara inayomwezesha mwenye mashua ndogo kupeleka samaki wake sokoni hata siku ya dhoruba ndiyo hiyo hiyo inayoweza kuhamishia kazi ya kuwachakata kwenye bandari kubwa. Kwa hiyo, sehemu ya fedha zilizokuwa zikitumika kwa kivuko ingefaa ielekezwe kwenye gati na vyumba vya barafu vya Skopun, wakati bado wapo vijana wanaotaka kuvua kutokea hapo.