Kanisani Nilikwenda Kutafuta Nini

Picha ilikuwa moja tu. Nimesimama peku juu ya zulia, nyuma yangu ukuta mzima umejaa michoro ya malaika na wafalme. Niliituma kwenye grupu la familia nikiwa Addis Ababa, na kabla sijafika hotelini jibu la Ami lilikuwa limeshaingia: "Mwanangu, kanisani umekwenda kutafuta nini?"

Ami hakuuliza kwa ubaya. Ndiye aliyenishika mkono kunipeleka madrasa pale Ilala nikiwa na miaka sita, na swali lake lilistahili jibu refu kuliko lile la mistari miwili nililomwandikia siku ile. Nalijibu sasa, nikiwa nimerudi Dar, na nalijibu mbele ya watu kwa sababu nadhani swali hilo si lake peke yake.

Kwanza kabisa, Ami, wewe ndiye uliyenipeleka. Ni wewe uliyekuwa ukitusimulia baada ya futari habari za Najashi: jinsi masahaba walivyozidiwa na mateso ya Makka, mwaka 615, Mtume akawaelekeza Uhabeshi, Ethiopia tunayoijua leo, kwa mfalme Mkristo ambaye kwake hadhulumiwi mtu. Jaafar bin Abi Talib akasimama barazani, akamsomea aya za Suratu Maryam, na mfalme akalia mpaka ndevu zikalowa. Nimekua na kisa hicho. Lakini miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza mfalme yule alikuwa akisali wapi, nyumba yake ya ibada ilikuwaje, na wale waliorithi dini yake leo wanasalije. Nilipopata asubuhi moja ya bure katika safari ya kikazi, nikaona huo ndio wakati wangu.

Nilipatana na shemasi mmoja kijana tukutane kwenye geti la kanisa saa tatu. Alinitajia saa hiyo kwa wasiwasi kidogo, maana wageni wengi humchanganya. Nikamwambia asihofu, kwetu nako saa huanza kuhesabiwa jua linapochomoza. Wahabeshi wanahesabu saa kama Waswahili. Alifurahi sana kusikia hivyo, na nafikiri tangu hapo alinisimulia kama ndugu, si kama mtalii.

Kanisa Kuu la Mtakatifu Giorgis lina pande nane. Ukilizunguka kwa nje huoni mbele wala nyuma kama tulivyozoea, na kila upande unakukaribisha sawa na mwenzake. Kilichonisimamisha kwanza, hata hivyo, ni watu. Akina mama waliojifunika mashuka meupe ya pamba walikuwa wameegemeza vipaji vya nyuso ukutani, wengine wakibusu mlango, na wengi hawakuingia ndani kabisa. Nikamuuliza shemasi kwa nini. Akasema mtu asiyejiona safi siku hiyo, au aliyekwisha kula, husali nje. Nikakumbuka udhu. Kisha akaonyesha miguu yangu, nikavua viatu bila kuambiwa mara ya pili.

Ndani ndipo nilipoelewa kwamba umbo la jengo ni somo lenyewe. Kanisa la Kihabeshi limegawanyika sehemu tatu, moja ndani ya nyingine, mfano wa hekalu la Nabii Suleiman. Ukumbi wa nje ni wa waimbaji, wanaosimama saa nyingi wakiegemea fimbo zao, wakipiga ngoma na njuga kwa nyimbo za lugha ya Giizi, ambayo leo hakuna anayeizungumza nyumbani. Sehemu ya pili ni ya wanaopokea komunyo. Ya tatu, katikati kabisa, ni patakatifu pa patakatifu, na humo huingia makuhani na mashemasi wanaohudumu tu. Humo ndimo inamokaa taboti, ambayo ni mfano wa mbao za sheria alizopewa Musa. Kanisa bila taboti kwao ni jengo tu. Haionekani kamwe, hata inapotolewa kwa sikukuu ya Timkat, ya kukumbuka ubatizo wa Yesu, mwezi Januari, hubebwa kichwani ikiwa imefunikwa kwa vitambaa vya thamani.

Na hapo ndipo historia ilipoingia. Taboti ya Mtakatifu Giorgis, shemasi alinieleza, ilibebwa hadi Adwa. Tarehe 1 Machi 1896 jeshi la Mfalme Menelik II liliwavunja Waitaliano katika milima ile, na Ethiopia ikabaki huru wakati bara zima likigawanywa kama shamba la urithi. Kanisa hili ni shukrani ya ushindi huo. Lilimalizika mwaka 1911, na aliyesimamia ujenzi alikuwa mhandisi Mwitaliano, Sebastiano Castagna. Malkia Zauditu alitawazwa hapa mwaka 1917, na Mfalme Haile Selassie mwaka 1930. Kisha Waitaliano wakarudi, safari hii na ndege na gesi ya sumu, na mwezi Februari 1937, katika siku tatu za mauaji ya raia mjini Addis, wakalitia moto kanisa hili. Liliponyanyuka tena baada ya ukombozi, kuta na madirisha yake yakapata michoro, mozaiki na vioo vya rangi vya msanii Afewerk Tekle. Ule ukuta ulio nyuma yangu kwenye picha, Ami, umesimama juu ya majivu.

Nilikaa chini kwenye zulia kwa muda. Sikuwa nikisali dini ya watu. Nilikuwa nikiwaza kwamba mimi ni mtu wa Dar es Salaam, mji uliopewa makao ya Kamati ya Ukombozi pale nchi za Afrika zilipoungana hapahapa Addis mwaka 1963, na bado jiwe hili la mwanzo kabisa la uhuru wetu sikuwa nimewahi kulisikia likitajwa na mwalimu yeyote.

Nimerudi na aibu, na aibu hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Kwa miaka zaidi ya ishirini nimevuka na pantoni kwenda na kurudi Kigamboni. Kila ukivuka, unaiona minara miwili ya kale ikichungulia kati ya maghorofa ya vioo: Mtakatifu Yosefu, lililoanza kujengwa mwaka 1897, na Azania Front ya Walutheri, lililoanza mwaka mmoja baadaye, paa lake la vigae vyekundu likitazama bandari. Nilikuwa nikiitumia kama alama za njia. "Nisubiri hapo kanisani." Basi.

Sasa nimesoma. Askofu Cassian Spiss, aliyeliongoza kanisa Katoliki hapa mjini, aliuawa na wapiganaji wa Maji Maji, walioinuka dhidi ya utawala wa Wajerumani, kusini mwezi Agosti 1905. Fikiria uzito wa hilo: jengo la Mtakatifu Yosefu lilikuwa bado jipya, na nchi iliyolizunguka inawaka moto dhidi ya waliolijenga. Makanisa ya Addis na ya Dar yote yana damu karibu na msingi, ila lile lilijengwa na aliyeshinda na haya yalijengwa chini ya aliyetutawala. Hilo lisemwe, na lisemewe ndani, mbele ya madhabahu zenyewe, na mtu anayelipenda jengo kiasi cha kutolificha lolote. Baada ya miaka zaidi ya mia moja ya ubatizo, ndoa na misiba yetu, ni majengo yetu.

Hata Waorthodoksi, kama wale wa kanisa la Addis, tunao hapahapa. Wa Ugiriki, si wa Kihabeshi. Familia hizo mbili zilitengana tangu mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa Kalkedonia mwaka 451. Jimbo lao la Dar es Salaam, lililoundwa mwaka 1958 chini ya Patriarki wa Aleksandria, linaitwa Irinoupolis, yaani mji wa amani. Wameuchukua mji wetu wakautafsiri kwa lugha yao. Ni wangapi kati yetu tunajua kwamba tuna jina la Kigiriki?

Ninachokitaka si kikubwa. Nataka kila nyumba ya ibada ya kale, msikiti na kanisa na hekalu la Wahindu pale Mtaa wa Kisutu, iwe na msimulizi wake kama yule shemasi: kijana wa hapohapo, aliyefundishwa, mwenye muda, asiyemuuliza mgeni dini yake. Nataka walimu wawapeleke watoto, wa Kiislamu makanisani na wa Kikristo misikitini, wazazi wakiwa wameelezwa mapema kwa heshima. Kibao cha maelezo hakitoshi. Kibao hakijibu swali. Najua kuna wanaohofia imani za watoto. Mimi nimetoka Addis nikiwa na hamu ya kuisoma upya Suratu Maryam, na nimeisoma.

Ami amelisoma jibu hili kabla yenu. Hakuandika kitu kwa siku mbili. Jumamosi akanipigia: yuko Kivukoni, amekuja kununua samaki, na kama nina nafasi nimfuate. Nikamkuta amesimama nje ya Azania Front, kapu la samaki mkononi, anaangalia juu kwenye mnara.

"Hapa wanavua viatu?" akaniuliza.

Nikamwambia hapa hawavui. Akaniachia kapu, akainama taratibu kwa ajili ya mgongo wake, akavivua.