Saratani ya mapafu hatua ya nne: je, kila mgonjwa apimwe jeni?

Majibu ya utafiti wa IPASS yalitoka mwaka 2009. Ulilinganisha kidonge cha gefitinibu na dripu za kemo. Ulifanywa Asia ya Mashariki, kwa wagonjwa wa adenokasinoma ya mapafu (saratani inayoanzia kwenye seli za tezi) iliyokwisha kusambaa, wengi wao watu ambao hawakuwahi kuvuta sigara. Kwa wale ambao uvimbe wao ulikuwa na badiliko la jeni ya EGFR, inayoziamuru seli kukua, kidonge hicho kilipunguza uvimbe kwa wagonjwa 71 katika kila 100. Kwa wasio na badiliko hilo kilimsaidia kama mmoja tu katika 100. Hawa wa pili, nusu yao ugonjwa ulikwisha kusonga mbele ndani ya mwezi mmoja na nusu, wakati wenzao wasio na badiliko waliotundikiwa dripu za kemo walifika miezi mitano na nusu.

Wanaotaka kila mgonjwa apimwe wanaanzia hapo, na hoja yao ni nzito. Mwanamke wa miaka 45 asiyevuta sigara ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na badiliko hilo, lakini daktari akimpa kidonge kwa kukisia tu, anaweza kumnyima kemo ambayo ingemfaa. Tena dawa si ya matajiri peke yao: tangu 2019 erlotinibu, ya kundi hilohilo, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Hata hivyo, kupata majibu ya "unalo badiliko" hakuondoi mzigo wa ugonjwa. Mwenye badiliko la EGFR au la ALK, jeni nyingine ya ukuaji wa seli, akipata dawa yake huishi muda mrefu zaidi, lakini saratani yake hupenda kupanda kichwani, kwa hiyo atahitaji picha za ubongo na huenda mionzi. Vidonge vya EGFR navyo huleta vipele usoni na kifuani, kuharisha, na kuvimba pembeni mwa kucha hadi kufua nguo au kumenya ndizi kunakuwa mateso. Mwenye badiliko la KRAS, jeni ya tatu ya aina hiyo, yuko pabaya zaidi: kidonge cha kwanza cha aina mojawapo ya badiliko hilo kiliidhinishwa Marekani mwaka 2021 tu, na kwa familia nyingi za kwetu bei yake haishikiki.

Wanaosema tusubiri nao wanaijua hali ya hospitali zetu. Wagonjwa wengi hufika Ocean Road, Dar es Salaam, au Mulago, Kampala, wakiwa hoi, baadhi yao wamekwisha kumeza dawa za TB kwa miezi kwa sababu picha ya kifua ilionyesha kivuli. Kinyama kilichotolewa kwa sindano ni kidogo mno, na sehemu yake imeshatumika kutambua aina ya saratani. Kinachobaki kwenye nta ambamo maabara hukihifadhi huenda kisitoshe kipimo cha jeni, na kikitosha mara nyingine husafirishwa nje ya nchi, huku ndugu waliokwisha kuchangishana wakisubiri na mgonjwa akizidi kudhoofu.

Ugumu huo ni wa kweli, ila mimi sioni kwamba unatosha kukiahirisha kipimo. Unatosha kukipunguza. Mgonjwa wa adenokasinoma apimwe EGFR kwanza, kwa PCR (kipimo cha maabara kinachonakili DNA), kwa kuwa dawa yake ndiyo inayopatikana kwa urahisi zaidi. ALK ifuate pale tu dawa yake ilipo. Inaweza kutafutwa kwa kupaka rangi maalumu kwenye slaidi katika maabara ya patholojia. Kupima makumi ya jeni kwa mkupuo, wakati hakuna kidonge cha kumpa mtu, ni kuzimaliza fedha zake kabla ya tiba.

Na wale ambao majibu yao ni hasi, ambao ndio wengi, wasirudishwe nyumbani mikono mitupu. Uganda hutoa mofini ya maji bure, na wauguzi waliopata mafunzo maalumu wanaruhusiwa kisheria kuiandika. Mofini hiyo hutuliza maumivu na kupunguza kule kuhema kwa shida, na haihitaji kipimo chochote cha jeni. Bajeti ya kipimo na bajeti ya tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa mateso, zipangwe mezani pamoja, katika kikao kimoja.